Neno la Hongo, Kauli ya Kinjeketile: Uhakiki wa Mamlaka ya Mjumbe katika Tamthiliya ya Kinjeketile

Sehemu hii inahakiki mamlaka ya kiongozi anayetawala kwa niaba ya nguvu iliyo juu yake, kwa kurejelea tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Hoja inayotetewa ni kwamba tamthiliya haiulizi tu kama maji yalikuwa ya kweli au ya uongo; inauliza kama mjumbe anaweza kulifuta neno alilolitoa kwa jina la mwingine.

Kinjeketile hana kiti cha kurithi wala jeshi. Anapata utii wa watu baada ya kuingia mtoni na kutoka akiwa na maji ya Hongo. Kuanzia hapo, makabila yaliyokuwa yakitiliana shaka yanakubali kuungana, kwa kuwa amri haitoki kwa ukoo wa mtu fulani. Huu ndio uwezo mkubwa wa unaibu: unaondoa wivu miongoni mwa walio sawa. Mmatumbi hawezi kukubali kirahisi kutawaliwa na Mrufiji, lakini wote wawili wanaweza kumtii Hongo bila kujiona wameshindwa.

Hata hivyo, uwezo huo huo ndio udhaifu wake. Katika hali ya kupandwa, Kinjeketile anatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozinduka na kuyatafakari maneno hayo, anafadhaika: je, Mjerumani aondoke ili Sultani wa Zanzibar ashike nafasi yake? Kuanzia hapo mjumbe amekuwa msikilizaji wa ujumbe wake mwenyewe, tena msikilizaji mwenye shaka. Wafuasi hawana shaka hiyo. Wao wamekwisha kulichagua sehemu ya neno wanayoihitaji, yaani maji, na wanamsukuma kuelekea vita kabla hajawa tayari. Kwa mantiki hiyo, naibu anabanwa pande mbili: juu yupo Hongo asiyeulizwa, na chini wapo watu wenye njaa na mashamba ya pamba ya kulazimishwa ambao hawawezi kungoja.

Kitunda anawakilisha mamlaka ya aina nyingine. Yeye anategemea mazoezi, mbinu na hesabu ya nguvu za adui. Mashambulizi dhidi ya boma yanaposhindwa mbele ya bunduki za rashasha, yeye anaweza kubadili uamuzi kwa sababu uamuzi ulikuwa wake. Kinjeketile hana nafasi hiyo. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Usomaji unaouona ukataaji huo kuwa ushujaa mtupu unapuuza gharama yake, maana waliokufa kwa kuyaamini maji hawapati jibu. Usomaji unaomwona kuwa nabii wa uongo nao unapuuza kwamba kukana kwake kungempa mkoloni ushindi ambao bunduki pekee haziwezi kumpa: watu kuamini kwamba hata kudai uhuru kulikuwa kosa. Mhakiki anaona kuwa tamthiliya inazibakiza hukumu zote mbili kwa makusudi.

Historia inaunga mkono tafsiri hii. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, lakini vita viliendelea hadi mwaka 1907. Waliosambaza maji nao waliitwa kwa jina la hongo. Unaibu ukazaa manaibu. Hussein mwenyewe alitahadharisha kuwa mhusika wake si Kinjeketile wa historia, na tofauti hiyo izingatiwe.

Kasoro ya tamthiliya iko kwingine. Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, ambao mazungumzo yao ndiyo yanayotuonesha njaa na kazi ya kulazimishwa, hawapewi nafasi ya kulihoji neno la Hongo wakati linapoamua maisha ya waume na watoto wao. Mamlaka inayodai kutoka juu inapimwa vyema na wale wanaoilipia, na hapa mizani hiyo imeachwa mapema.

Hivyo basi, mchango wa Kinjeketile katika fasihi ya uongozi ni kuonesha kwamba asemaye kwa niaba ya aliye juu hukopa nguvu asiyoweza kuirudisha. Deni hilo hubaki kwa walioamini.