Uwanja na Jukwaa: Mji na Shamba katika Ngoma za Wasukuma

Ni mazoea ya waandishi wengi, wapimapo mila za Afrika ya Mashariki, kuigawa nchi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni shamba, ambako yasemwa mila huzaliwa na kutunzwa. La pili ni mji, ambako yasemwa mila hufika kufa. Mgawanyo huu ni mwepesi kushika na mtamu kusikia, nao umekuwa kipimo cha wanafunzi wengi wanaotumwa kukusanya nyimbo na ngoma. Kilichotoka kijiji cha mbali huitwa asili. Kilichotoka kando ya barabara kuu huachwa kwa kuwa kimechanganyika. Walakini mizani ikiwa mbovu, mwuzaji na mnunuzi hudanganyika pamoja. Ngoma za Wasukuma, kama zionekanavyo katika Wilaya ya Magu, zatosha kuudhihirisha ubovu huo, na kudhihirisha pia hatari ambayo mizani hiyo haiwezi kuipima, nayo ni mtazamaji kunyang'anywa haki yake ya kuhukumu.

Mahali pa kuanzia ni Bujora, katika Kisesa, kando ya barabara iendayo Musoma, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza. Mwanza ulianzishwa na Wajerumani kuwa kituo cha utawala mwaka 1892. Reli ikaufikia mwaka 1928. Ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2000. Kisesa kwa utawala ni ya Magu, lakini kwa soko na kwa kazi yaelekea Mwanza. Msomaji atafutaye mstari unaotenga mji na shamba aweza kuutafuta hapo mchana kutwa asiuone. Na hapo hapo, si katika kijiji kilichojificha, ndipo yalipojengwa makumbusho ya Wasukuma, na ndipo ngoma zao zinaposhindanishwa mbele ya umati mkubwa.

Mashindano hayo yana sheria moja iliyo mama wa sheria nyingine. Vyama viwili hucheza wakati mmoja, katika viwanja vinavyokaribiana, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Chama kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Tangu karne ya 19 vyama vingi vimekuwa chini ya pande mbili, Bagika na Bagalu, na mapokeo yasimulia kwamba pande hizo zilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana ni nani mwenye dawa yenye nguvu. Hata leo jina la samba, dawa ya kuvuta watu, halitengani na habari za ngoma hizi. Lakini dawa peke yake haikupata kuaminiwa kuwa yatosha. Bayeye walileta chatu uwanjani. Wengine walichonga sanamu za mbao zenye viungo vya kuchezeshwa. Manju, yaani mtungaji na mwongozaji wa nyimbo, alitafuta neno la kumchoma mpinzani na kuwachekesha waliosimama karibu. Hukumu ilitolewa kwa miguu: aliyechoshwa aliondoka, na kuondoka kwake kulionekana na wote.

Yafaa kulitazama vizuri jambo lifuatalo kutokana na sheria hiyo. Wimbo uliosikika mwaka jana hauvuti mtu mwaka huu. Kwa hiyo manju hulazimika kutunga upya kila msimu, na chama hulazimika kubuni kisichotazamiwa. Upya, basi, haukuingia katika ngoma ya Kisukuma kama mgeni aliyevunja mlango. Uliamriwa na mila yenyewe. Mkusanyaji akataaye wimbo kwa sababu una jambo la juzi huikataa sheria ambayo wazee wenyewe waliifuata.

Na upya huo ulitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka njiani. Katika karne ya 19 Wasukuma, pamoja na jamaa zao Wanyamwezi, walikuwa wapagazi wa misafara iliyokwenda pwani na kurudi, safari ya miezi mingi. Mtafiti Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kinachochambua nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, ameonyesha uhusiano uliopo kati ya nyimbo za wapagazi na nyimbo za vyama vya kulima vilivyofuata. Maana yake ni kwamba wimbo wa jembe, ambao mtu angeuita mzaliwa halisi wa shamba, una damu ya barabara na ya masoko ya pwani. Mkulima aliimba kwa mpango aliojifunza baba yake akiwa na mzigo begani.

Baada ya wapagazi ilikuja pamba. Pamba ililimwa kijijini, ikachambuliwa viwandani, ikauzwa nchi za ng'ambo. Bei yake haikukatwa na mtu yeyote wa Magu. Msimu wa mashindano ya ngoma ni kiangazi, baada ya mavuno, na ndio msimu pamba iliyouzwa inapoleta fedha mikononi. Fedha hizo zilinunua nguo za wachezaji, zikalisha wageni, zikamlipa mganga. Hali kadhalika ushirika. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake Mwanza, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Katika Jimbo la Ziwa serikali ya kikoloni ilikataa kuyasajili matawi ya TANU tangu 1954 mpaka 1958. Katika miaka hiyo ya ukimya uliolazimishwa, wimbo ulikuwa na kazi ambayo mkutano haukuruhusiwa kuifanya. Na katika nyimbo alizokusanya Gunderson zimo zinazotaja ushirika, TANU na Nyerere. Je, nyimbo hizo ni za mji au za shamba? Swali lenyewe halina maana. Mambo yake yalitoka mjini, lugha na mahadhi yake yalitoka kijijini, na aliyeyaunganisha alikuwa mtu mwenye vumbi la pande zote mbili miguuni.

Historia ya Bujora yaenda njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1950 padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza pamoja na Wasukuma wenyewe kukusanya vyombo, ngoma na habari za watemi. Kanisa likajengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo katika Usukuma huitwa Bulabo, yaani maua, ikaunganishwa na mashindano ya ngoma, na kwa kuwa huangukia mwisho wa Mei au Juni ikalingana na mwanzo wa msimu uliokuwapo. Mtu mwenye ulimi mkali aweza kusema kwamba hii ni mila iliyotiwa viraka na mgeni. Walakini Bagika na Bagalu walipokutana Bujora hawakuuliza sikukuu ilianzishwa na nani. Waliuliza watu wamesimama upande gani. Maadamu sheria ya miguu ilihifadhiwa, ngoma ilikuwa yao.

Hapa ndipo hatari ya kweli ionekanapo. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika iliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na katika miaka iliyofuata kikundi cha taifa cha ngoma kiliundwa. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo. Nia ilikuwa njema, maana ukoloni ulikuwa umewafundisha vijana kuionea haya ngoma ya babu zao. Bugobogobo, ngoma ya wakulima, ikajulikana nchi nzima, ikafundishwa kwa watoto wasiojua neno moja la Kisukuma. Hiyo ni faida, na si haki kuidharau. Lakini itazamwe Bugobogobo ilipo shambani na ilipo jukwaani. Shambani mpigaji wa ngoma huwashikisha wakulima pamoja. Jembe likirushwa juu na kudakwa ni mchezo ndani ya kazi, na mwisho wa siku eneo lililolimwa ni ushahidi kwamba wimbo ulikuwa na nguvu. Jukwaani jembe hukata hewa. Muda umepimwa kwa dakika, wachezaji wote huelekea upande mmoja, watazamaji wameketi, na adabu yawakataza kuondoka. Makofi hupigwa kwa wimbo mzuri na kwa wimbo hafifu kwa kipimo kile kile.

Wala jukwaa halikai mjini peke yake. Limesafiri mpaka shambani, likiwa na viti vya wageni na ratiba ya sherehe. Usichifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Hata hivyo tarehe 8 Septemba 2021 ilikuwa ni Kisesa, katika tamasha la utamaduni, ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alipewa jina la Chifu Hangaya. Katika shughuli za namna hiyo, popote zifanyikapo, ngoma ichezwayo mbele ya mgeni rasmi humtazama mgeni rasmi. Mcheza ngoma aweza kuwa amezaliwa kijijini, amevaa ngozi na njuga, asiwe na hata uzi mmoja wa mjini; na bado kilicho kiini cha ngoma yake kimeondoka, kwa sababu hakuna awezaye kumshinda.

Huenda mtu akapinga kwamba umati ni hakimu mbaya: hufuata chatu na vichekesho, ukamwacha mtungaji mwenye fikira. Pingamizi hili lina ukweli wake. Lakini mashindano ya Kisukuma hayaishi kwa dakika kumi. Kichekesho huvuta watu mara moja. Kuwazuia wasiende ng'ambo ya pili mpaka jua litue kwahitaji wimbo. Umati hukosea asubuhi, ukajirekebisha alasiri.

Jirani wa Magu atoa ushahidi mwingine. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Haikuwafikia wasomaji mpaka alipoifasiri mwenyewe kwa Kiswahili na Tanzania Publishing House ikaichapa Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Hicho ni kitabu kinachosifiwa kwa kuonyesha maisha ya shamba, nacho kingebaki sandukuni kama mji usingekuwa na matbaa. Mji hauna budi kushukuriwa kwa kukichapa, na kulaumiwa kwa kukiweka miaka 35.

Basi mwanafunzi aendaye Magu na daftari lake asianze kwa kuuliza kama ngoma aionayo ni ya asili au imechanganyika; zote zimechanganyika, na ndivyo zilivyoishi. Ayaulize mambo matatu. Wimbo huu ulitungwa kumshinda nani? Watazamaji wana ruhusa ya kuondoka? Na waliondoka lini? Nao wanaopanga matamasha, wa Mwanza na wa vijijini sawasawa, wangefanya jambo la maana kama mara moja kwa mwaka wangeviondoa viti, wakaweka vyama viwili katika uwanja mmoja, na kuwaachia watu miguu yao.