Beringi ya gurudumu la mbele: nusu nyumbani, nusu kwenye presi

Beringi ya gurudumu la mbele ikianza kuchoka hutoa ngurumo inayopanda kadiri mwendo unavyopanda. Kwenye Toyota IST, gari lisilokosekana katika mtaa wowote wa Bunju, Dar es Salaam, ngurumo hiyo husikika kwenye lami ya Barabara ya Bagamoyo. Kwenye njia za mchanga za ndani ya mtaa humezwa na makelele mengine. Usukani ukivutwa kidogo kulia, uzito wa gari hulalia magurudumu ya kushoto, na sauti ikizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo ya kushukiwa. Gari likiwa juu ya jeki, kiganja huwekwa kwenye springi ya shokapu huku mkono mwingine ukizungusha tairi. Beringi mbovu huhisiwa ikikwaruza kama jiwe la kusagia.

Ndani yake mna safu mbili za gololi, grisi, na sili kila upande. Sili ikichakaa, maji ya madimbwi ya masika huingia, grisi hupoteza nguvu, na chuma huanza kula chuma.

Kazi huanza kabla gari halijanyanyuliwa. Nati ya shafti, ya namba 30 kwenye IST, hulegezwa tairi likiwa bado chini na breki imekanyagwa. Kwanza ule mdomo wake uliopondwa kwenye mfereji wa shafti hunyanyuliwa kwa tindo. Uwanja wa mchanga haukopeshi: jeki isiyo na ubao mpana chini yake huzama, na gari lisiloegemezwa kwenye stendi za chuma si la kuingizia mkono. Baada ya tairi kutoka, kalipa hufunguliwa na kufungwa kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa breki. Diski hutolewa, waya wa sensa ya ABS huchomolewa kama upo, kisha hufunguliwa tairodi, bolijointi ya chini na bolti mbili za shokapu. Nako, lile pande la chuma linaloshika habu, hutoka zima.

Hapa ndipo kazi ya nyumbani inapopaswa kusimama. Beringi ya mbele ya gari hili imekaa kwenye nako kwa kubanwa, na habu nayo imebanwa ndani ya beringi. Nyundo huweza kuitoa, na wako wanaojivunia hilo, lakini nyundo hiyohiyo ikiingiza beringi mpya huiua kabla haijatembea. Kanuni ni moja: nguvu ipite kwenye ringi inayobanwa, isipite kwenye gololi. Beringi ikiingia kwenye nako husukumwa kwa ringi ya nje. Habu ikiingia kwenye beringi, ringi ya ndani huegemezwa kwa chini. Ikifanywa kinyume, gololi hudonoa vishimo vidogo kwenye njia yake, na ngurumo hurudi mapema, huku muuzaji wa spea akilaumiwa bure. Kwa hiyo nako hufungwa kwenye mfuko, hupakiwa bodaboda na kupelekwa kwenye karakana yenye presi.

Pale karakana mna mambo mawili ya kuangaliwa. Ringi ya ndani ya zamani hubaki imeng'ang'ania habu. Hukatwa kidogo kwa grainda, kisha hupasuliwa kwa tindo bila jiwe kugusa habu. Na baadhi ya beringi zina sumaku upande mmoja kwa ajili ya ABS. Upande ambao pini inanata ndio unaoelekea kwenye sensa. Ikigeuzwa, taa ya ABS itawaka na kazi yote irudiwe. Klipu ya kuzuia beringi irudi kwenye mfereji wake kabla habu haijaingizwa.

Kurudisha ni safari ileile kinyume. Nati mpya ya shafti hukazwa mtu akikanyaga breki, mpaka Nm 216, kisha hupondwa upya. Gari halishushwi wala kusukumwa kabla ya hapo, kwa sababu nati ndiyo inayoshikilia nusu mbili za ringi ya ndani. Nati za tairi hukazwa kwa Nm 103.

Jaribio hufanywa kwenye lami ileile, kuelekea Boko. Ngurumo ikiwa vilevile, basi huenda tairi ndilo lililokuwa likilia tangu mwanzo.