Faida au Mauzo? Neno Moja la Sheria ya Madini, Kinsevere

Mgodi wa Kinsevere, yapata kilometa 30 kaskazini ya Lubumbashi, umebadili mitambo yake zaidi ya mara moja. Mwaka 2011, chini ya kampuni ya Anvil Mining, ulianza kutoa mabamba ya shaba kwa kuyeyusha mawe ya oksidi katika asidi na kuitenga shaba kwa umeme. MMG iliununua mwaka 2012. Mawe hayo ya juu yalipopungua ilibidi kushukia yale ya salfaidi, ambayo hayayeyuki upesi katika asidi. Ndipo mwaka 2024 likaanza kazi tanuri la kuyachoma kwanza. Hayo ni mambo ya wahandisi, nasi tusingeyataja katika jarida la Kiswahili kama yasingegusa pia tafsiri ya neno moja.

Sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha Sheria ya Madini ya mwaka 2002, inamlazimu mwenye mgodi kutenga angalau asilimia 0.3 ya "chiffre d'affaires" kwa maendeleo ya jumuiya zinazoathiriwa na mgodi. Tuliwapa wanafunzi kifungu hicho wakitafsiri. Wengi waliandika "faida". Mimi mwenyewe, katika rasimu yangu ya kwanza, niliandika "faida", wala sikuona kosa mpaka mwanafunzi mmoja, ambaye mama yake huuza unga sokoni, aliponiuliza: ni fedha yote iliyoingia, au ile inayobaki baada ya kulipia mifuko na gari?

Swali lilikuwa hilo hasa. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ikiuza shaba ya dola milioni 100 na kubakiwa na milioni 10, asilimia 0.3 ya mauzo ni dola 300,000. Ya faida ni 30,000 tu. Ikipata hasara, fungu la faida ni sifuri, ilhali fungu la mauzo liko palepale. Na mwaka wa kujenga tanuri ndio mwaka wa gharama kubwa, ambamo faida hupungua, lakini malori hayapungui barabarani wala vumbi majumbani. Mtunga sheria alichagua neno linalomlinda mwanakijiji wakati huohuo. Mtafsiri mzembe humpokonya kinga hiyo bila kukusudia.

Tunapendekeza "mauzo yote kabla ya kutoa gharama". Ni refu, na wenzetu wa istilahi watalitaka "mauzo ghafi". Sina ugomvi nao darasani. Ila kifungu hiki kitasomwa kwa sauti mbele ya watu wasiotumia kamusi. André Yav, alipoandika mwaka 1965 historia ya Elisabethville kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, alitumia Kiswahili cha mji huu, na hakushindwa kueleza habari za kazi na mabwana wake.

Wako watakaosema kwamba kutafsiri sheria ni hisani. Sivyo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 142, inaiagiza serikali kueneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika muda wa siku 60 tangu kutangazwa kwake. Kiswahili ni mojawapo, na wanaokifundisha ni sisi.

Rasimu za pili za wanafunzi zimekwisha kunifikia. "Faida" limefutwa, isipokuwa katika karatasi tatu.