Kitabu cha Padri Tempels na Kiswahili cha Jamaa: Nani Aliyekosa Msamiati?

1. Utangulizi

Ni vichache vitabu vilivyoandikwa katika nchi yetu ambavyo vimejadiliwa na wataalamu wa falsafa, teolojia na anthropolojia kama La philosophie bantoue, yaani Falsafa ya Kibantu, cha Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Kitabu hicho kilichapishwa Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1945. Tangu hapo kimesifiwa, kimekanushwa, kimetetewa na kuzikwa mara nyingi, na kila kizazi cha wanafunzi hukifukua tena.

Makala haya hayana nia ya kurudia mjadala huo wote. Tunataka kuchunguza jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, wahakiki wengi wamelipita kando, nalo ni suala la lugha. Tempels alidai kwamba Wabantu wana falsafa lakini hawana msamiati wa kuieleza. Sisi tunashikilia kwamba dai hilo lilikanushwa na wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi pamoja na wake zao, na kwamba walilikanusha kwa Kiswahili, mbele ya Tempels mwenyewe.

2. Kitabu na wasomaji wake

Tempels alizaliwa mwaka 1906, akafika Kongo mwaka 1933, akafanya kazi ya utume miaka mingi kati ya Waluba wa Katanga. Aliandika kitabu chake kwa Kiholanzi, A. Rubbens ndiye aliyekitafsiri kwa Kifaransa. Mwaka 1949 Présence Africaine ilikitoa upya kule Paris, kikiwa na dibaji ya Alioune Diop, na kwa njia hiyo kikajulikana ulimwenguni.

Hoja yake kuu inafahamika. Kwa Mbantu, asema Tempels, kuwapo ni kuwa na nguvu. Kila kiumbe ni nguvu. Nguvu hiyo huongezeka au hupungua. Viumbe huathiriana kwa nguvu zao, tangu Mungu na wahenga hadi wanyama, mimea na mawe. Neno analolitumia kwa Kifaransa ni force vitale.

Je, Tempels anamwandikia nani? Anawaandikia wamisionari na wakoloni wenye nia njema. Anawaambia kwamba haifai kumtarajia Mbantu atoe maelezo ya falsafa yake kwa msamiati uliokamilika; kazi hiyo ni ya Mzungu, ambaye atampa Mbantu maneno, na Mbantu atajitambua ndani ya maneno hayo.

Tumpe mwandishi haki yake. Wakati ambapo wengi walikana kabisa kwamba Mwafrika anafikiri kwa mpango, kusema kwamba ana falsafa kulikuwa tendo la ushujaa, na Askofu de Hemptinne wa Katanga alimpinga vikali. Lakini heshima hiyo ina mpaka wake. Mbantu wa Tempels ana falsafa, ila yeye mwenyewe si mwanafalsafa. Amefanywa mgodi, mchimbaji ni mtu mwingine, na mali iliyochimbwa inasafishwa na kuuzwa mbali.

3. Wahakiki na mpaka wa uhakiki wao

Wahakiki hawakukaa kimya. Aimé Césaire, katika Discours sur le colonialisme, alionyesha kwamba ni rahisi kuwapa Weusi heshima ya falsafa huku mashamba na mishahara yao ikiachwa mikononi mwa wale wale. Mwaka 1965 Franz Crahay aliuliza kama inafaa kuita falsafa mawazo ambayo hayajajitenga na masimulizi na desturi. Mwaka 1968 Fabien Eboussi Boulaga aliuchambua muundo wa kitabu chenyewe, akaonyesha jinsi hoja zake zinavyosigana. Baadaye Paulin Hountondji wa Benin alikaza kwamba mazungumzo ya Tempels yalikuwa ya Mzungu na Wazungu wenzake, na kwamba Mwafrika alikuwa mada ya mazungumzo tu.

Aliyeipa lugha uzito zaidi ni Padri Alexis Kagame wa Rwanda. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Kinyarwanda, alitafuta aina za viumbe katika maneno yenye mzizi -ntu: umuntu, kiumbe chenye akili, ikintu, kiumbe kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna. Hapa angalau mwandishi ni mwana wa lugha anayoichambua.

Hata hivyo, mwanaisimu hana budi kutahadhari. Ngeli za nomino ni ushahidi dhaifu katika mambo ya falsafa. Tuchukue Kiswahili. Maneno kijana, kiongozi, kipofu na kiziwi yana kiambishi ki- kama kitu, lakini hakuna msemaji anayedhani kwamba kiongozi ni kiumbe kisicho na akili. Mdudu na mnyama, kwa upande wao, wana kiambishi m- kama mtu, wala hatujawahi kumhesabu mdudu miongoni mwa wenye akili. Ni kweli kwamba Kagame hakusimama juu ya viambishi peke yake. Lakini kila mara anapopita kutoka kwenye sarufi hadi kwenye fikra, anahitaji ushahidi mwingine: namna watu wanavyolitumia neno wanapojadiliana, wanapofundishana, wanapokubaliana au kukataana.

Ushahidi wa namna hiyo ulikuwapo, nao ulikuwa Katanga. Ajabu ni kwamba mjadala mkubwa wa falsafa ya Kiafrika haukuutazama sana. Wafuasi wa Tempels na wapinzani wake walibishana juu ya force vitale, neno la Kifaransa ambalo hakuna mzee wa Kiluba aliyelitamka, na walibishana kwa Kifaransa.

4. Jamaa: kitabu kinajibiwa

Mwaka 1953 Tempels alikuwa Kolwezi, katika parokia ya Ruwe, kati ya wafanyakazi wa kampuni ya Union Minière. Huko, kutokana na mazungumzo yake na waume na wake waliooana, ndipo ilipozaliwa Jamaa, chama cha Wakristo Wakatoliki ambacho kilienea upesi katika miji ya migodi na hata nje ya Katanga. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, akafariki Ubelgiji mwaka 1977. Chama kiliendelea bila yeye, kikagawanyika, na baadhi ya matawi yake yakagombana na Kanisa.

Lugha ya Jamaa ilikuwa Kiswahili. Jambo hili si dogo. Watu wa makambi ya Union Minière walitoka Katanga, Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia. Kiswahili kilikuwa kwao lugha ya kazi, ya amri na ya hesabu ya siku, kama alivyoeleza Johannes Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya historia ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji. Katika Jamaa lugha hiyo hiyo ya amri iligeuzwa kuwa lugha ya kutafakari. Waliingia mume na mke kwa pamoja, wakiitwa baba na mama, wakapitia mafundisho kwa hatua zilizoitwa njia: ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika mafundisho hayo maneno machache yalirudiwa, yakafafanuliwa na kuunganishwa: umuntu, mawazo, umoja, na hasa matatu haya: uzima, uzazi, mapendo. Fabian, aliyefanya utafiti kati ya wana Jamaa mwaka 1966 na 1967, alirekodi mafundisho yao na kuonyesha kwamba maneno hayo yalishikamana katika mpango mmoja.

5. Maneno matatu

Tuanze na uzima. Yeyote atakayetafsiri force vitale kwa Kiswahili kwa kufuata kamusi ataandika nguvu ya uhai. Wana Jamaa walisema uzima. Mzizi wake, -zima, una maana zinazokaribiana: aliye hai, asiye mgonjwa, asiyepungukiwa, aliyekomaa. Twasema yu mzima, mtu mzima, siku nzima, kikombe kizima. Nguvu ni kitu ambacho mmoja anaweza kumzidi nacho mwingine. Hupimwa, hugombaniwa, huporwa. Uzima unamtazama mtu katika ukamilifu wake. Mtu aliye na nguvu nyingi anaweza kukosa uzima, na mgonjwa aliyepatana na jamaa zake anaweza kuwa ameupata. Tofauti hii haionekani katika kitabu cha mwaka 1945, ambamo viumbe wamepangwa kwa ngazi, mwenye nguvu juu ya asiye nazo.

Neno la pili ni uzazi. Katika matumizi ya kawaida neno hili huhusu kuzaa watoto. Katika Jamaa lilipanuliwa: mume na mke huzaana kwa mawazo, na walio ndani ya Jamaa huwazaa wale wanaowafundisha. Hivyo neno la mwili likabeba maana ya roho bila kuacha ya kwanza. Kwa mfanyakazi wa migodi, ambaye kampuni ilihesabu watoto wake kama akiba ya vibarua wa kesho, kusema kwamba uzazi ni tendo la moyo na la fikra kulikuwa pia namna ya kukataa hesabu hiyo, hata kama haikutamkwa hivyo.

Neno la tatu ni mapendo. Wenzetu wa pwani husema zaidi upendo, na kuna watakaoona katika mapendo kosa la Kiswahili cha bara. Sivyo. Ngeli ya ma- hubeba mara nyingi matendo yanayofanywa na watu wawili au wengi: mapatano, maongezi, mashindano. Tusirudie hapa kosa la kuitegemea sarufi peke yake. Lakini matumizi ya Jamaa yanakubaliana na sarufi, kwa kuwa mapendo katika mafundisho yao hayawezi kuwa ya mmoja. Ndiyo sababu mtu hakuingia bila mwenzi wake.

Tempels mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1962 yaitwayo Notre rencontre, anaeleza matamanio matatu ya mtu: uhai, uzazi na muungano wa mapendo. Msomaji akilinganisha maandishi hayo na kitabu cha mwaka 1945 ataona kwamba mwalimu amejifunza. Yule aliyesema kwamba Mbantu hana maneno anazungumza sasa kwa mpango uliokomazwa katika Kiswahili cha Kolwezi.

6. Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza: Kiswahili si lugha ya wahenga wa Katanga, kililetwa na wafanyabiashara, kikapewa nguvu na wakoloni na makampuni. Ni kweli. Lakini asili ya lugha na kazi ya lugha ni mambo mawili. Kilatini nacho kililetwa Ulaya ya Kaskazini na majeshi, na bado teolojia yake iliandikwa humo. La kuuliza ni kama wasemaji wameimiliki lugha hiyo, na Jamaa inathibitisha kwamba waliimiliki.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Mfuasi wa Hountondji atasema: mafundisho ya Jamaa si falsafa, kwa maana yanapokewa na kurudiwa, falsafa huhitaji mtu mwenye jina lake, anayeandika na kupingwa. Tunakubali sehemu ya hoja hiyo. Mafundisho yaliyopitishwa kwa hatua, na kufichwa kwa wasioingia, yana hatari ya kugeuka kuwa maneno ya kukariri, na migawanyiko ya Jamaa yaonyesha kwamba hatari hiyo haikuwa ya kubuni. Lakini sisi hatudai kwamba Jamaa ilitoa falsafa kamili. Tunadai kwamba ilitoa kile ambacho Tempels alisema hakipo: istilahi zilizoshikamana, zenye mipaka, zinazoweza kufafanuliwa na kubishiwa katika lugha ya wenyewe. Mwanafalsafa mwenye jina lake anahitaji kwanza kitu hicho.

7. Hitimisho

Mafundisho ya Jamaa yalibaki midomoni na katika kanda za mtafiti mgeni, kisha yakatufikia katika vitabu vya Kiingereza na Kifaransa. Anayetaka leo kujua wafanyakazi wa Kolwezi walifikiri nini juu ya uzima, lazima apitie lugha ambazo wao hawakufikiri kwazo. Lawama ya hali hii haimwangukii mtafiti aliyehifadhi. Inatuangukia sisi tuliokuwa na lugha hiyo mikononi.

Tuangalie tasnifu za lisansi zinazoandikwa katika nchi yetu. Mwanafunzi anayechunguza fikra za watu wake huandika kwa Kifaransa, na maneno ya Kiswahili huyaingiza kwa herufi za mlazo, moja hapa, moja pale, kama vielelezo ndani ya kabati la makumbusho. Msemaji anatoa mfano. Kifaransa kinatoa maana. Huo ndio mgawanyo wa kazi aliouweka Tempels mwaka 1945, nasi tunauendeleza tukiwa tumemkanusha katika dibaji.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Hatuombi kwamba Kifaransa kifukuzwe darasani. Tunapendekeza mambo matatu yanayowezekana. Tasnifu yoyote inayotegemea mazungumzo ya Kiswahili iyatoe mazungumzo hayo kwa ukamilifu, pamoja na maswali ya mtafiti. Sura moja angalau ya uchambuzi iandikwe kwa Kiswahili, ili maneno yafafanuliwe kwa ndugu zao. Na mtetezi ajibu maswali juu ya sura hiyo kwa Kiswahili, mbele ya waliomfundisha na, ikiwezekana, mbele ya wale waliompa maneno hayo.

Hapo ndipo tutakapojua kama msamiati umepungua kweli, na umepungua kwa nani.