Oshin, Jang-geum na dada wa kazi

Jioni katika nyumba nyingi za Kizota huwashwa tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Wapo wanaouliza kama Mkristo azitazame. Swali lenye faida zaidi ni hili: zinatufundisha kumtazama nani? Tulinganishe mbili, moja ya Korea na moja ya Japani, kwa kuwa zote zinasimulia habari za msichana maskini anayetumika kwa wakubwa.

Jang-geum, wa tamthilia ya Kikorea ya mwaka 2003 yenye sehemu 54, ni yatima anayeingia jikoni mwa ikulu. Anasingiziwa, anapelekwa kuwa mtumwa kisiwani Jeju, anajifunza utabibu, na mwishowe anakuwa tabibu wa mfalme. Adui zake wanapoanguka, sebule nzima hushangilia. Si vibaya, maana haki imetendeka. Lakini tunazoea kumpenda mtumishi kwa ajili ya cheo anachokwenda kukipata.

Oshin, iliyooneshwa na NHK ya Japani mwaka 1983 hadi 1984 katika sehemu 297, haina haraka hiyo. Binti wa miaka saba anatolewa na wazazi wake akafanye kazi kwa gunia moja la mchele. Anabeba mtoto wa tajiri mgongoni na kufua nepi mtoni wakati wa theluji. Fedha ya nyumba ile inapopotea, anaitwa mwizi, na sarafu aliyopewa na bibi yake inachukuliwa. Tunajua kwamba uzeeni atakuwa mfanyabiashara. Hata hivyo hadithi inakaa naye pale pale mtoni, nasi tunalazimika kukaa naye.

Hapo Oshin inaikaribia zaidi habari ya Yusufu. Sisi hupenda kukimbilia ikulu ya Farao, ilhali Mwanzo 39 inatuambia kwamba Bwana alikuwa pamoja naye angali mtumwa nyumbani kwa Potifa, na hata gerezani.

Wapendwa, mabinti wengi wa vijiji vya mkoa wetu huu wanatumika majumbani mwa watu, na pengine mmoja anaosha vyombo huku sisi tukimlilia Jang-geum. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua. Kabla ya sehemu inayofuata kuanza, tujiulize: mshahara wake wa mwezi uliopita tumempa?