Namasole kati ya Ndoa na Ardhi: Uhakiki wa Tafsiri ya Cheo

Makala hii inahoji mazoea ya kulifasiri neno la Kiganda 'Namasole' kuwa 'mama wa Kabaka'. Tafsiri hiyo ni sahihi kinasaba, lakini inaficha milki. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulimtengea Namasole maili 16 za mraba, ukimtaja kwa cheo, ilhali Mbogo alitajwa kwa jina. Anayesoma 'mama' huona mtu. Hati inaonyesha cheo chenye ardhi.

Athari yake inajitokeza katika maandishi kumhusu Irene Drusilla Namaganda, mjane wa Kabaka Daudi Chwa aliyefariki mwaka 1939. Alipoolewa tena mwaka 1941 na mtu asiye wa tabaka la watawala, alipoteza cheo, na Katikiro Martin Luther Nsibirwa, aliyeridhia ndoa hiyo, akajiuzulu. Kwa kawaida tukio hili husomwa kama suala la maadili ya mjane. Mwaka 1945 Nsibirwa, akiwa amerejeshwa madarakani, aliuawa baada ya kupitishwa sheria iliyoruhusu ardhi kutwaliwa kwa ajili ya Makerere, kilima jirani na Mulago. Hilo huwekwa katika sura ya ardhi. Sura hizo zisomwe pamoja, kwa kuwa cheo kilichopotezwa kwa ndoa nacho kilikuwa na ardhi.

Tangu 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Watakaotafsiri hati za ardhi walibakishe neno 'Namasole' na kueleza milki yake. Vinginevyo mwanamke huyo atabaki mama au mjane, bila maili hata moja.