Dutu, Johari na Kiwacho: Somo la Joseph Owens kwa Mfasiri wa Kiswahili

Mwaka 1951, Taasisi ya Kipapa ya Taaluma za Zama za Kati mjini Toronto ilichapisha kitabu cha padri Joseph Owens, The Doctrine of Being in the Aristotelian Metaphysics, chenye dibaji ya Étienne Gilson, mwanzilishi wa taasisi hiyo. Kitabu hicho kinene kinarudia swali linaloonekana jepesi: kitu ni nini, na sifa zake zina uhusiano gani nacho? Kwa Waswahili, faida yake kubwa imo katika uamuzi mmoja wa tafsiri.

Neno la Aristotle ni ousia, lililotokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya “kuwa”. Kilatini kililiita substantia, yaani kile kinachosimama chini, na Kiingereza kikarithi. Owens alilikataa neno hilo, akachagua “Entity”, lenye mzizi wa kuwa. Alikuwa na haki. Picha ya kusimama chini humfanya msomaji akione kitu kama mchukuzi aliyefunikwa na mizigo ya weupe, uzito na urefu: itue mizigo, utamwona mwenyewe. Aristotle alilijaribu zoezi hilo katika kitabu cha saba cha Metafizikia. Baada ya kuvua sifa zote, hata urefu, upana na kina, alibaki na maada tupu isiyoweza kuitwa “hiki”. Akakataa kwamba hiyo ndiyo ousia hasa, umbo huitangulia.

Hapo ndipo “dutu” linapoanguka. Neno hilo la vitabu vya kemia humpeleka msomaji kwenye jibu lilelile alilolikataa Aristotle. “Johari” lina nasaba tukufu, kwani wanafalsafa wa Kiarabu waliiita ousia jawhar, na neno hilo likafika pwani yetu likiwa na maana ya kito. Lakini halina undugu na kuwa. “Uwepo” lina undugu huo, ila -po yake hufunga kuwa na mahali, na kwa Aristotle mahali ni kategoria inayoitegemea ousia.

Sarufi yetu, hata hivyo, ina mfano ambao Owens angeufurahia. Kiboko mkubwa ni mnyama. Kiboko kikubwa ni mjeledi, na mijeledi ya namna hiyo ilitengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyohuyo. Jina ni moja, ngozi ni moja, lakini mzizi -kubwa hubadili kiambishi kwa kufuata kile kitu kilivyo, si kile kilichotengenezewa. Sifa haisimami peke yake, wala haining’inii juu ya maada, humfuata mwenyewe.

Mfano huo usigeuzwe kuwa ushahidi. Mwaka 1956 padri Alexis Kagame wa Rwanda alizisoma ngeli za Kinyarwanda kama kategoria za kuwa: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Kazi yake ni ya kishujaa, lakini sarufi huonyesha jinsi watu wanavyosema. Haithibitishi jinsi vitu vilivyo.

Owens naye hakosi lawama. Neno lake limehifadhi mzizi na kupoteza ushikikaji: kwa Kiingereza cha kawaida, karibu kila kitu huweza kuitwa hivyo, hata shirika. Tena, hoja yake hupanda hadi kwa vilivyo mbali na maada, ambako anaiona maana ya kwanza ya kuwa. Msomaji aliyekuja kuuliza habari za mtu huyu na farasi huyu, mifano ya Aristotle mwenyewe, huachwa na njaa.

Atakayeifasiri Metafizikia kwa Kiswahili ana neno “kiwacho”. Lina kasoro yake: “kuwa” kwetu hubeba pia maana ya kugeuka, kama mtoto anapokuwa mtu mzima, ilhali Kigiriki hutenga vitenzi viwili. Afadhali mfasiri alitumie, aikiri kasoro hiyo katika dibaji, na “dutu” awaachie wanakemia.